Sita

Ghala la ushirika, Sikonge. Kiti kimoja,
kompyuta imefunikwa kanga isiingie vumbi la tumbaku,
na mimi, nimepewa wiki tatu
niandike programu ya kupokea asali.

Mihayo akanipigia kutoka Isevya, mjini:
"Majina yote weka Kiingereza.
Kesho ukiondoka, atakayekuja ataelewa."
Nikamuuliza, atakayekuja atatoka wapi?
Akacheka. Hakusema.

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu.
Lakini katika Kiingereza changu cha darasani
uzito na kusubiri hutamkwa sawasawa.
Nikaandika kimoja mahali pa kingine,
na mashine, isiyojua haya,
ikapima subira ya watu kwa kilo.

Basi nikafuta.
Nikaandika mzinga. Nikaandika nta, masega,
uzito_wa_ndoo_tupu,
na mrina, neno nisilokumbuka kuliona
katika kitabu chochote cha kompyuta;
likakaa mstari wa arobaini
limekunja miguu, kama mwenyeji.
Yale ya msingi tu, ya ikiwa na ya la sivyo,
niliyaacha ya kigeni.
Nyumba ya kupanga, nguzo huzing'oi.

Nikajiona nimeshinda.

Siku ya tatu ya msimu akaja Kalunde binti Shija,
ndoo nne, asali ya miombo, nyeusi, nzito,
bado ina moshi kwa mbali.
Alifika saa mbili, bati limeshaanza kulia kwa joto.
Nikaandika saa mbili.
Mashine ikasoma saa mbili ya kwao,
ile ya fisi na walevi,
ikamweka pamoja na walioleta asali gizani;
na asali ya gizani, kwa sheria niliyoiandika mwenyewe,
ni ya wizi mpaka ithibitike.

Kioo kikawa chekundu.
Kalunde hakukisoma. Alinisoma mimi usoni.
"Imesemaje?"
"Imesema umekuja usiku."
Akatazama nje, akatazama kivuli chake mlangoni,
kisha akauliza, taratibu, kama anayemwulizia mgonjwa:
"Huyo anayehesabu, yeye amelala wapi?"

Usiku ule umeme ulikatika mara mbili
na mara mbili nikaanza upya.
Majina nilikuwa nimeyarudisha nyumbani yote,
saa nikaisahau ugenini.
Kwetu tunaanza kuhesabu jua likishatoka;
wao huanza kila mtu akiwa usingizini.
Miaka yote shuleni niliambiwa
kati ya lugha hizi mbili kuna bahari.
Nimeipima. Ni sita.
Ikienda kwao, jumlisha. Ikirudi kwetu, toa.
Mstari mmoja. Nikauita jua_la_sikonge,
na Mihayo, alipouona, akauliza nimekunywa nini.

Kalunde alilipwa Ijumaa.
Alipokea, akahesabu, akahesabu tena,
akaniaga, akarudi kutoka mlangoni
kwa kuwa alikuwa amesahau kunisalimu:
"Mwangaluka."
Nami nikaitikia kwa Kiswahili. Mazoea.

Akaenda zake. Mimi nikabaki na mistari mia tisa
niliyoipigania neno kwa neno,
na humo ndani, nitafute juu, nitafute chini,
hakuna hata silabi moja ya baba yangu,
aliyenikemea, akanifundisha kurina, akaota homa na kufa
kwa Kinyamwezi kitupu.
Siwezi hata kuandika vizuri alivyoita nyuki.
Vidole vinasita, sijui irabu moja au mbili.

Kwa hiyo nimeliweka lile moja ninaloliamini.
Ukiwasha mashine, kabla ya ndoo, kabla ya uzito,
kabla haijamshuku mtu yeyote,
inaandika: Mwangaluka.

Ni salamu ya asubuhi. Najua.
Inaandika hivyohivyo hata jioni,
warina wanacheka, wanaitikia.
Sijarekebisha.